Bendera Juu ya Levier

Gari lile lilikuwa na jina la ubatizo. Mzungu mwenye shamba la kahawa, kilometa kumi na moja kutoka Kisangani kwenye barabara ya Buta, alikuwa akiliita Georgette, na jina hilo alilichora mwenyewe kwa rangi nyeupe juu ya mlango. Kisha ikaja amri ya kutupa majina ya Kizungu, mji mzima ukavuliwa ubatizo, na mwaka uliofuata Mzungu naye akapewa siku chache za kufunga masanduku. Shamba likaenda kwa Citoyen Lombeya, ‘Raia’ kama kila mtu alivyopaswa kuitwa sasa, mtu ambaye kahawa aliijua kikombeni tu. Siku alipolikuta lile gari la zamani bandani, limefunikwa magunia, alicheka mpaka akashika mbavu, akaamuru lipakwe rangi ya kijani ya Chama na jina lifutwe. Tangu hapo likaitwa Citoyenne, Raia wa kike. Hata chuma hakikusamehewa.

Fundi aliyeitwa kulishughulikia alikuwa Kataliko, Munande wa Butembo mwenye gereji ndogo mtaa wa Makiso, nyuma ya soko. Zamani alikuwa Wenceslas. Kadi yake ya ubatizo aliificha ndani ya betri iliyokufa, na mara nyingine akiwa peke yake aliitingisha betri ile kidogo, asikie kama bado imo. Alikuwa fundi hodari na mtu mwoga, wala hakuna aibu kusema hivyo, kwa sababu miaka ile waoga ndio waliolala majumbani kwao.

Tena woga wake ulikuwa na sababu. Kabla yake aliitwa fundi mwingine, Sylvain, mtu wa kusema alichokiona. Sylvain alilizunguka gari siku mbili, akatamka waziwazi kwamba limechoka na lisipelekwe mbele za watu. Jioni ile watu wawili wenye adabu nyingi walikuja kumwomba aende nao kujibu swali moja tu. Huo ulikuwa mwezi wa nane. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na Sylvain alikuwa bado hajamaliza kulijibu.

Alichotaka Lombeya kilikuwa hiki: tarehe ishirini na nne, sikukuu ya utawala, asimame ndani ya Citoyenne akipunga mkono, gari litembee nyuma ya akina mama wa animation, wale waliopangwa kucheza na kuimba sifa za Chama, kutoka katikati ya Makiso mpaka beach, pale vivuko vinapotia nanga. Chini huko wageni wa Kinshasa wangekuwa wamekaa jukwaani.

“Polepole sawa na mutu anatembea,” alimwambia Kataliko. “Bamama banacheza mbele, mi niko nyuma yao. Ikienda mbio, itabakanyaga. Ikizimika, bon, mi nitakuwa nani mbele ya batu ya Kinshasa? Unanisikia, citoyen fundi?”

“Nakusikia, Citoyen.”

Kwenda polepole ndiko Citoyenne asikokuweza. Mwendo wake wa chini ulishikiliwa kwa kukanyaga pedali bila kuachia, na baada ya dakika kumi dereva alikuwa na mkakamao wa paja na maji yamechemka. Lakini dawa ilikuwepo palepale, ndani ya sanduku la mbao pembeni mwa banda: pont mpya. Pont ndivyo mafundi wa Kisangani wanavyoita ekseli ya nyuma yenye gia zinazozungusha magurudumu. Hii ilikuwa na miendo miwili, mwepesi wa kila siku, na mzito wa kupandia mlima au kutembea kama kinyonga. Dereva alichagua kwa levier, mkono wa chuma uliosimama wima ubavuni pake. Levier ilisukuma chuma kirefu chini ya gari, na chuma hicho kikageuza kijimkono juu ya pont. Mzungu aliiagiza Amerika kabla ya uhuru, akazeeka kabla ya kuifunga.

Kataliko aliifunga kwa siku sita. Kiingereza cha karatasi zilizokuja nayo hakukijua, ila michoro haihitaji mkalimani. Tatizo ni kwamba mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho, na pamoja nazo, inaonekana, lilikuwa limepotea bamba moja dogo ambalo mchoro ulilionyesha nusu. Alifikiri ni urembo.

Siku ya saba aliwasha gari, akaliteremsha kwenye njia ishukayo kuelekea sakafu ya kuanikia kahawa. Mwendo mzito ulikuwa mtamu. Gari lilitembea kama mama mjamzito anayetoka misa. Katikati ya mteremko akataka kuujaribu mwepesi. Akasukuma levier. Ikaenda nusu, ikatulia. Injini ikanguruma bure, na gari likaanza kukimbia. Akakanyaga breki. Pedali ilikuwa imara kabisa chini ya mguu wake, na gari halikuwa na habari nayo. Akavuta breki ya mkono, vyuma vikalia, basi. Kilichomwokoa ni lundo la makapi ya kahawa kule chini. Citoyenne aliingia humo mpaka kwenye taa, na Kataliko akatoka akitema makapi.

Alikaa chini akafikiri, na alipoelewa ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Breki ya mguu ya gari lile haikushika magurudumu. Ilishika gia za mbele, chini ya miguu ya dereva, na ile nguvu ya kusimamisha ilibidi ipite kwenye pont ndipo iyafikie magurudumu. Na pont hii, kati ya mwepesi na mzito, ilikuwa na mahali ambapo haikushika kitu chochote. Levier ikikaa pale katikati, injini iko kwake, magurudumu yako kwao, na breki inazuia hewa. Breki ya mkono ilikuwa ya jina tu. Alikuwa ameivalisha vipande vya mkanda wa mashine ya kahawa, na kwenye mteremko haikuweza kumzuia hata mbuzi.

Naye alijua njia ya kwenda beach. Mita mia za mwisho zinashuka kama ngazi, na chini yake ni mto.

Akachonga bamba lile lililopotea, kutoka kipande cha springi ya lori: bamba lenye mapengo mawili, moja la mwepesi, moja la mzito. Levier ilidondoka ndani ya pengo na kukaa, na kuitoa ilibidi mtu ainyanyue kwanza. Aliijaribu mara hamsini. Ikakaa mara hamsini. Usiku ule alilala vizuri kiasi.

Akabaki dereva. Papa Alimasi wa Kasongo alikuwa ameendesha malori miaka ishirini, na kama madereva wote wa barabara ile, kila mteremko aliutelemka gia ikiwa huru, injini imezimwa, ili petroli aliyoiokoa aiuze mwenyewe. Alipoonyeshwa levier alitabasamu, na Kataliko hakulipenda tabasamu lile.

“Kwa hiyo hapa katikati iko roue libre, gari inateremka bure,” alisema Alimasi.

“Papa, hapa katikati iko kifo. Usiguse.”

“Ninyi Banande muko na woga kama kuku. Mi nimeshuka milima ya Bunia na tani kumi mugongoni, sembuse hii kitu ya watoto.”

Kataliko hakubishana. Aliinua nyuma ya gari kwa jeki, akaiweka levier katikati, akamwomba mzee apande akanyage breki kwa nguvu zake zote. Alimasi akakanyaga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kataliko akaligusa gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Likazunguka. Likaendelea kuzunguka taratibu, lisijali, na Alimasi akalitazama kupitia begani kwake, akaacha kutabasamu.

“Allah,” alisema. “Na mutu anaikamata namna gani, ikisha kuingia hapo?”

“Unatoa mguu kwa breki kwanza. Ukikanyaga, meno ya ndani yanagoma, levier haiingii. Unaachilia, mi nasukuma mzito, halafu unakanyaga.”

“Niachilie breki, gari inakimbia?”

“Ndiyo, Papa.”

“Wewe unaomba mutu kitu kigumu.” Alishuka, akajifuta mikono ijapokuwa haikuwa michafu. “Tumwambie Citoyen Lombeya?”

Wakatazamana. Hakuna aliyelitaja jina la Sylvain. Kumwambia Lombeya kwamba gari la Chama linaweza kuua watu siku ya sikukuu kulikuwa sawa na kuandika barua ya kujishtaki na kuipiga muhuri. Wakakubaliana: mzito utiwe mapema kabisa, asubuhi, pale pale Makiso, na levier isiguswe na mtu mpaka gari limesimama beach.

Nyumbani, mke wake Kyakimwa alikuwa akifanya mazoezi ya hatua jikoni, mwiko mkononi. Aliuza maharagwe na vitunguu sokoni, na akina mama wa soko walikuwa wameandikishwa wote kwenye animation. Asiyefika, meza yake ilipewa mwingine, na yeye mwenyewe alitafutwa. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nzuri, na kwa sababu hiyo walikuwa wamemweka mahali pa heshima.

“Mbele ya gari,” alisema. “Mustari wa mwisho, pale karibu na Citoyen, ili bageni batuone pamoja naye. Bametupimia na kamba. Hatua sita.”

Kataliko akaiweka sahani chini. “Omba wakupeleke pembeni.”

“Pembeni kuko bamama ba Lubunga, ba ngambo ya mto. Kwa nini?”

Ukuta kati yao na jirani ulikuwa wa mbao, na jirani alikuwa kijana wa Chama mwenye kikohozi kilichosikika kila usiku. Kama kikohozi chake kilipita huku, maneno yao yalipita kule.

“Jua itakuwa kali,” alisema Kataliko.

“Papa Élise, tangu lini unaniogopea jua?” Alilisema jina la binti yao kwa kunong'ona, kwa kuwa shuleni na barabarani mtoto yule alikuwa Katungu tu. Akamtazama mumewe kwa muda, akaona kuna kitu, akakasirika kwamba hakiambiwi. Walilala mgongo kwa mgongo.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Kataliko alikuwa na Citoyenne mapema, kwenye barabara kuu ya Makiso. Akautia mzito kwa mkono wake. Akaitikisa levier: imekaa kwenye pengo, imekaa kabisa. Hapo ndipo alipotokea Lisungi.

Lisungi alikuwa mtu wa protokole wa Lombeya, msimamizi wa sherehe zake, na miwani yake myeusi hakuivua hata akila. Nyuma yake vijana wawili walibeba bendera mpya ya Chama, ya hariri, pana kama shuka la kitanda, mkono ulioshika mwenge umeshonwa katikati ya duara la njano, na mti wake ulikuwa mrefu kuliko mtu. Lisungi alilizunguka gari akitafuta pa kuisimamisha. Mbele ingemkinga Lombeya uso. Nyuma isingeonekana jukwaani. Kisha macho yake yakatua kwenye mkono mmoja wa chuma uliosimama wima, peke yake, ubavuni, kana kwamba uliwekwa pale kwa kazi hiyo.

“Voilà,” alisema Lisungi.

Walifunga mti wa bendera kwenye levier kwa waya wa umeme, mizunguko kumi na miwili. Kataliko aliihesabu yote. Upepo mdogo wa asubuhi ukaijaza hariri, na levier ikainama kidogo, ikalia ndani ya pengo lake.

“Citoyen,” alisema Kataliko. “Hapa… hii kitu, haiko mahali pa…”

Lisungi akageuka. “Haiko mahali pa nini? Mahali pa drapeau? Rudilia, fundi. Sikusikia vizuri.”

Vijana wawili walikuwa wakimtazama. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Na mkono ule, uliokamata mwenge, haukuwahi kukatwa na mtu.

“Iko mahali pazuri, Citoyen,” alisema Kataliko.

Alimasi, nyuma ya usukani, alikuwa ametazama mbele muda wote. Midomo yake tu ilikuwa ikitembea, na hazikuwa nyimbo za Chama alizokuwa akizisema.

Maandamano yakaanza. Ngoma, filimbi, na safu za akina mama wakizungusha viuno, vitenge vyao vyote vya aina moja. Lombeya alisimama kwenye kiti cha nyuma, akipunga. Kataliko alitembea kando ya gari, kama fundi alivyoamriwa, mkono wake wa kulia ukiwa shibri moja kutoka kwenye levier. Kila upepo ulipokuja, bendera ilijaa, mti ukavuta, levier ikanyanyuka upana wa ukucha, kisha upepo ukaachia ikadondoka tena mahali pake. Ukucha mmoja. Pengo lilikuwa na kina cha kucha mbili. Alijua kwa sababu alilichonga mwenyewe, na alijilaani kwamba hakulichonga la kucha tano.

Akausogeza mkono ili aibane.

“Eh, fundi!” Lisungi alikuwa nyuma yake. “Ondoa mikono kwa drapeau. Iko na mafuta.”

Ilikuwa kweli. Mikono ya fundi haitakati kwa sabuni ya siku moja. Kataliko akaiondoa, na kuanzia hapo alitembea na mikono mitupu, akitazama levier ikipanda na kushuka. Mbele, hatua sita, aliona shingo ya Kyakimwa inang'aa kwa jasho. Hakugeuka hata mara moja. Bado alikuwa na hasira.

Walipofika penye kona ya mwisho, mto ulionekana, na upepo wake ukaja mzima mzima kutoka upande wa maporomoko ya Wagenia, pasipo nyumba wala mti wa kuuzuia. Gari likainamisha pua kwenye mteremko. Bendera ikapiga kelele ya nguo inayokung'utwa. Kataliko akaiona levier ikinyanyuka ukucha mmoja, ukucha na nusu, kisha ikatoka.

Ilisimama katikati.

Kwa muda wa pumzi moja hakuna kilichobadilika. Halafu injini ikanguruma juu, na hatua sita zikawa tano. Alimasi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, mgongo wake umekakamaa kitini. Hatua nne. Juu, Lombeya alikuwa bado anapunga. Akina mama waliimba kwa nguvu zaidi kwa kuwa jukwaa lilikuwa limeonekana, na katika kelele zile hakuna aliyelisikia gari likimjia mgongoni.

Kataliko aliogopa. Aliogopa swali moja tu lisilokwisha, aliogopa miwani ile myeusi, aliogopa kumwacha Élise bila baba. Akaiona shingo ya mke wake hatua tatu mbele ya chuma. Akaruka juu ya ubao wa pembeni, akaikamata bendera ya Chama kwa mikono yake miwili yenye mafuta, hariri na mti na levier pamoja, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuikamata levier pekee.

“Papa, achilia! Achilia mguu!”

Alimasi akamtazama kwa macho ya mtu anayeambiwa aruke mtoni.

“Gurudumu, Papa! Kumbuka gurudumu!”

Mzee akafumba macho, akainua miguu yote miwili. Gari likaruka mbele. Kataliko akajitupa kwenye levier kwa kifua chake, vyuma vikasaga kule nyuma kwa sauti ya mifupa, na kitu kikaingia.

“Kanyaga!”

Citoyenne akasimama kwa mshindo. Lombeya akaanguka kwa magoti juu ya kiti. Mti wa bendera ukavunjika juu ya waya, na hariri yote ikamfunika Kataliko kichwa na mabega, akabaki amepiga magoti ubaoni, amekumbatia kijani, haoni kitu. Alisikia tu nyimbo zikiendelea. Alingoja mlio mwingine, mlio wa mwanamke, na haukuja. Kyakimwa alikuwa ameguswa nyuma ya kitenge na bampa, kidogo tu, akadhani ni mwenzake, akaendelea kucheza.

Nyuma ya jukwaa, wageni wa Kinshasa wakiwa wanakunywa bia, Lisungi aliikunjua bendera juu ya meza. Duara la njano lilikuwa na alama za vidole kumi, nyeusi, kila kimoja kikisomeka.

“Hizi iko mikono ya nani?”

“Yangu, Citoyen,” alisema Kataliko.

“Mbele ya mji muzima umeangusha drapeau. Nani alikutuma?”

Kataliko alifungua kinywa. Akisema gari lilikuwa linakimbia bila breki, basi ni nani aliyeifunga pont yake? Akinyamaza, amekiri. Aliwaza betri iliyokufa kule gereji, na ni nani ataitingisha. Lombeya alikuwa amekaa pembeni na goti lenye mchubuko, akimtazama, na uso wake pia ulikuwa na kijivu cha mtu aliyeuona mto kwa karibu.

“Hakuna mutu alimutuma,” alisema Alimasi mlangoni. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. “Upepo ilivunja muti. Drapeau ilikuwa inaanguka chini, kwa matope, mi naona. Huyu alirukia akaikamata ili isifike chini. Mi nikafunga breki ili asikanyagwe. Ni vile tu, Citoyen.”

Lisungi alimtazama bwana wake, na bwana wake alikuwa akipiga hesabu ambayo mtoto angeiona: gari linaloua, au fundi shujaa, lipi la kuwapelekea wageni.

“Kumbe,” alisema Lombeya taratibu. “Kumbe ni mwanamemba wa kweli wa Chama.”

Wakampeleka jukwaani. Mgeni mmoja mnene wa Kinshasa akamtundika beji kifuani, watu wakapiga makofi, na Kataliko akaona safu ya akina mama, na ndani yake Kyakimwa akimkodolea macho, mkono mdomoni. Kisha Lombeya akasema maneno mengine sikioni mwake, kwa upole: “Kesho uchomee ile drapeau kwa levier. Soudure. Isianguke tena. Na kila mwaka utatembea hapo hapo, unaikamata. Utavaa gants, mikono isiichafue tena.”

Kwa hiyo adhabu yake ilikuwa zawadi, na kuikataa hakukuwezekana.

Kesho yake aliichomea. Lisungi alileta kiti akakaa bandani kumwangalia, miguu imekunjwa, na cheche zikamcheza kwenye miwani. Mti mpya ulikuwa wa chuma. Kataliko aliuchomea pande zote nne, vizuri, kama kazi ya kanisa, akazima mashine, akasema: “Sasa naenda kukaza chini.”

“Kaza,” alisema Lisungi, akapiga miayo.

Kataliko alijivuta chini ya gari, mgongo kwenye udongo. Akakisukuma kijimkono cha pont mpaka kwenye mzito, akakifunga kwa boliti mbili ambazo hazikuwa kwenye mchoro wowote wa Amerika. Halafu akachomoa pini iliyounga chuma kirefu na levier, pini fupi, isiyozidi kidole cha mtoto, akaitia mfukoni. Kuanzia saa ile levier ya Citoyenne ilikuwa haishiki kitu. Mtu angeweza kuisukuma na kuivuta mpaka kesho. Akitambua mtu, hilo ndilo lingeitwa sabotage, hujuma, na safari hii kwa haki.

Alipotoka, Lisungi aliigusa levier kwa fimbo yake. Ikatikisika kidogo.

“Iko imara,” alisema Lisungi.

“Iko imara, Citoyen.”

Siku tatu Kyakimwa hakusema naye zaidi ya salamu. Siku ya nne, akifua kombati ya kazi ya mumewe uani, aliikuta pini mfukoni, akaingia nayo ndani, mikono ingali na povu. Jirani alikuwa ametoka. Hata hivyo aliwasha redio kwanza.

“Papa Élise. Ulikamata drapeau ya Chama mbele ya batu wote. Ningekuwa mujane saa hii. Sitaki kusikia tena habari ya jua. Hii iko nini?”

Akamwambia. Alimwambia yote, mdomo karibu na sikio lake, kuanzia makapi ya kahawa: pont, katikati, breki inayozuia hewa, hatua sita, hatua tatu. Alimwambia pia kwamba sasa levier haishiki kitu, na kwamba wanaojua ni watu watatu duniani, Papa Alimasi wa pili, yeye Kyakimwa wa tatu. Kyakimwa alisikiliza bila kupepesa. Alipeleka mkono nyuma ya kiuno chake, pale bampa lilipomgusa, akaushikilia hapo.

“Mi nilisema ni Angélique wa pembeni yangu ananisukuma,” alisema. “Nikamutukana.”

Kisha akalia, kwa hasira na kwa mapenzi, na hakumrudishia pini.

Mara moja tu, miezi baadaye, Lombeya aliuliza kwa nini gari haliendi mbio tena hata njia ikiwa wazi. Alimasi alimjibu kwa heshima kwamba kubadilisha mwendo ni kuisukuma levier, na kuisukuma levier ni kuinamisha drapeau ya Chama mbele ya watu. Kama Citoyen anaamuru, yeye atainamisha. Lombeya akatazama huku na huku, akasema waendelee hivyohivyo.

Ikafika tena tarehe ishirini na nne. Kataliko alitembea kando ya gari, gants nyeupe mikononi, beji kifuani, ameishika levier ambayo mji mzima uliipigia saluti. Jasho lilimtoka kama mwaka uliopita, maana upepo wa Wagenia ulikuwa uleule na mteremko ni uleule, na miwani myeusi ilitembea nyuma yake. Mbele, hatua sita, akina mama walikuwa wameshajua kwamba gari lile lina tabia zake. Walipoanza kushuka kuelekea mto, kila mmoja aliimba huku akiibia jicho nyuma.

Kyakimwa hakugeuka. Kwenye pindo la kitenge chake, pale wanawake wa soko wanapofunga noti zao, kulikuwa na fundo dogo gumu, lisilozidi kidole cha mtoto, lililompiga kiunoni kwa kila hatua, naye alishuka akicheza mpaka beach, ameligeuzia gari mgongo.